Niongeze mzigo au niuze mtandaoni? Jibu kwa mwenye duka la kanga, Tanga

Msomaji mmoja wa Tanga, mwenye duka la kanga, vitenge na madera huko Ngamiani, Barabara ya 12, ameniandikia hivi:

"Nina duka miaka tisa. Mzigo nilionao ni kama wa milioni 4, na karibu theluthi yake umelala tangu Idi iliyopita. Siku nzuri nauza 60,000, siku ya mvua narudi nyumbani hata nauli sijapata. Nimejiwekea 600,000. Mume wangu anasema niongeze mzigo. Binti yangu anasema niuze mtandaoni. Mimi naogopa, mtandaoni matapeli ni wengi, na wateja wangu ni hawa hawa wa mtaani. Doti nanunua 12,000 nauza 15,000. Nikitoa hela ya matangazo nitabaki na nini? Halafu simu yenyewe imepasuka kioo."

Dada yangu, asante kwa kuandika na hesabu zako mkononi. Wengi wananiuliza "biashara ya mtandaoni inalipa?" bila kuniambia wananunua shilingi ngapi na wanauza shilingi ngapi, nami nabaki kuwajibu maneno matupu. Wewe umenipa pa kushika.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Ingia mtandaoni. Mzigo usiongeze mwezi huu. Theluthi ya milioni 4 ni 1,300,000 na ushee, yaani zaidi ya mara mbili ya hiyo akiba yako, na yote imekunjwa kwenye rafu. Mzigo unao, dada. Ukiongeza mwingine wa 600,000 na wapita njia wakabaki wale wale, mwakani utaniandikia kwamba nusu ya duka imelala.

Mume wako hajakosea kabisa, na nitarudi kwake. Ila tuanze na huo mzigo uliolala, maana humo ndimo ilimo sababu kubwa ya wewe kwenda mtandaoni.

Kanga hainunuliwi kama sukari. Mtu akitaka sukari, kilo ni kilo. Kwenye kanga anataka rangi, anataka pindo, na kuliko vyote anataka jina. Anayemnunulia mama yake atafurahi na "Nani kama mama". Mwenye ugomvi na wifi yake anatafuta maneno mengine kabisa, na asipoyapata hanunui, hata umpunguzie elfu tatu. Sasa hesabu mwenyewe: kwa siku wanapita watu wangapi mbele ya duka lako? Kati yao wanawake wenye haja ya kanga ni wangapi? Na katika hao, mwenye haja ya jina lile lile lililokaa kwako tangu Idi ni nani? Pengine hayupo Ngamiani. Pengine yuko Kigoma au Singida, na mwezi ujao ana harusi ya mdogo wake, anazunguka maduka ya mji wake hapati. Doti yako haina ubaya wowote. Haijaonwa na mwenye shida nayo, basi.

Duka la mtaani linakupa watu walio karibu, wawe wana haja au hawana. Simu inakukutanisha na wenye haja, hata wakiwa mbali. Anayeuza mkate au maji hilo halimsaidii sana. Kwa bidhaa ya kuchagua kama yako, linabadilisha biashara nzima.

Na usiseme wateja wako ni wa mtaani tu. Tanga nzima ina ndugu nje ya Tanga. Watoto wa Chumbageni na Makorora wako Dar, wako Unguja, na wengi wako Muscat. Aliyeko Muscat leo haagizi kanga iende Oman. Anataka mama yake aliyebaki Duga apelekewe doti mbili na dera moja kabla ya sikukuu. Mzigo unatoka Barabara ya 12 unafika Duga kwa bodaboda, na fedha inaingia kwenye simu yako kutoka ng'ambo. Husafirishi kitu nje, hujui forodha wala mizani. Unachohitaji ni yule mtu wa Muscat akuone, akuamini, na apate picha ya mama yake ameshika mfuko, kama mama mwenyewe ameridhia kupigwa picha. Sijui kwa nini wenye maduka wa mikoa ya pwani hawaitilii nguvu biashara hii, maana wateja wa namna hii hawasumbui bei.

Sasa nikuambie kilichonifundisha mimi, maana sikuanza kwa kuamini.

Nilikuwa na duka la mabegi Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Kulikuwa na kijana mmoja, winga, ambaye kila asubuhi alipita kwangu akaomba kupiga picha mabegi mapya. Kwa wasomaji wasioijua Kariakoo, winga hana duka wala mzigo. Kazi yake ni kumtafuta mteja, kumletea bidhaa ya mtu mwingine, na kula cha juu. Nilimruhusu kwa moyo mweupe. Nilijiambia huyu ananitangazia bure. Siku moja akaingia mama aliyetoka Dodoma, simu mkononi, akanionyesha picha: begi langu, juu ya kaunta yangu, na nyuma yake kalenda ya ukutani kwangu. Bei iliyoandikwa ni 55,000. Mimi nililiuza 38,000. Akaniambia amenunua mabegi matatu kwenye "duka" hilo kwa mwaka mmoja, na ameona kalenda ile ile, ndipo akagundua kumbe duka ndilo hili.

Lile la 17,000 halikuniuma sana, kila mtu na riziki yake, na kijana alifanya kazi. Kilichoniuma ni kwamba mama yule alikuwa mteja wangu mara tatu nami simjui. Sikuwa na namba yake, sikujua anapenda rangi gani, sikujua kwamba ana wenzake wanne kazini wanaonunua kwa kumfuata yeye. Yote hayo alikuwa nayo winga kwenye simu. Mzigo ulikuwa wangu, kodi ya fremu ninalipa mimi, leseni yangu, na mteja ni wa mtu mwingine.

Kwa hiyo usijiulize kama kanga zitauzwa mtandaoni. Zinauzwa tayari, huenda hata za dukani kwako. Jiulize namba ya mnunuzi inabaki kwenye simu ya nani. Wengi wakisikia "kuwekeza mtandaoni" wanafikiria hela ya matangazo. Mimi nakutaka uwekeze kwenye hizo namba: daftari la watu wanaokujua, unaowajua wanapenda nini, na wanaoamini kwamba ukisema mzigo unatoka leo basi unatoka leo. Hilo daftari haliungui na fremu. Soko la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, mfanyabiashara aliyekuwa na wateja wake kwenye simu alikuwa na pa kuanzia kesho yake. Aliyekuwa anawangoja wapite mlangoni, mlango wenyewe haukuwepo.

Anza hapo basi, kabla ya kutumia hata shilingi. Kuanzia kesho, kila anayenunua dukani muombe namba na umwambie aisevu yako. Hili la kusevu lina sababu. Stetasi yako ya WhatsApp haionwi na mtu ambaye hana namba yako kwenye simu yake, na ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja, asiyekusevu haumfikii. Watu wanaposti miezi sita wanalalamika hakuna anayeona, kumbe wateja hawajawasevu. Mwambie tu, "Dada, nisevu, zikija mpya utaziona kwanza." Namba ukiipata, iandike pia kwenye daftari la karatasi, na pembeni yake andika alichonunua. Weka WhatsApp ya biashara, ile yenye alama ya B. Ni ya bure, na inakupa sehemu ya kupanga bidhaa na bei, pamoja na majibu ya haraka ya yale maswali unayoulizwa kila siku.

Bei andika. Tafadhali sana. Ule mtindo wa "bei njoo DM" unamkimbiza mtu mzima mwenye hela na muda mfupi, na unakuachia wale wa kuulizia tu. Wauzaji wanaficha bei wakiogopa washindani, lakini mshindani akiitaka bei yako atamtuma mtoto dukani.

Picha nazo nizungumzie kidogo, maana kwa kanga ndiko mtu anapoharibu. Usipige chini ya taa ya tyubu. Bluu nzito itatoka nyeusi, nyekundu ya damu ya mzee itatoka kama ya nyanya, na mteja akiipokea atasema umembadilishia. Toka mlangoni asubuhi, saa tatu hivi, jua likiwa halijaanza kuchoma, upande wenye kivuli. Tundika kanga yote kwanza uonyeshe pindo zote nne na mji wake wa katikati. Kisha piga ya pili kwa karibu, jina lisomeke herufi zote, kwa sababu jina ndilo linalouza, na jina lililokatwa nusu ni doti isiyouzika. Ya tatu, kunja ncha uonyeshe uzito wa kitambaa ukiwa umepitisha vidole kwa nyuma. Kwa madera, usiandike "free size" ukaishia hapo. Chukua futikamba, pima upana wa kifua na urefu kutoka begani, andika kwa inchi. Nimeona maduka yakipoteza faida ya wiki nzima kwa madera yanayorudi kwa sababu mteja ni mrefu na dera lilimwishia kwenye ugoko. Na kama kitenge kinachuja rangi kikifuliwa mara ya kwanza, sema. Mteja wa Ngamiani ukimficha atarudi kukugombeza, mtanuniana, mtaelewana. Wa Mbeya hatarudi. Atawaambia wenzake tu.

Sasa nirudi kwa mume wako, maana anachokisema kina ukweli: duka bila mzigo mpya linachosha macho. Ila kuna namna ya kuongeza mzigo bila kubahatisha, na hiyo ndiyo faida ya mtandao ninayoipenda kuliko zote kwa mwenye mtaji mdogo. Leo unavyonunua, unapanda basi kwenda Kariakoo, unasimama duka la jumla, unachagua kwa jicho lako, unalipa, unarudi, kisha unaomba Mungu wateja wawe na jicho kama lako. Kila safari ni kamari. Ukiwa na watu 80 tu waliokusevu, unaweza kusimama pale pale duka la jumla, ukaomba ruhusa, ukapiga picha za majina sita mapya, ukaziweka kwenye stetasi na maneno haya: "Niko Dar, hizi bado sijazinunua, anayetaka anipe arabuni 5,000 kabla ya saa nane, mzigo Ijumaa." Saa nane inapofika unajua. Jina moja limepata oda saba, lingine mbili, manne hayana mtu. Unanunua saba na nyongeza chache za dukani, unanunua zile mbili, manne unayaacha pale pale. Hayo manne zamani ungeyabeba, na leo yangekuwa kwenye ile theluthi iliyolala. Arabuni nayo imeshakupa sehemu ya mtaji kutoka mfukoni mwa wateja, bila riba. Sharti ni moja: kuwa mkweli kwamba mzigo bado hujaununua, na ukikosa rudisha arabuni siku hiyo hiyo, nzima.

Hofu yako ya matapeli naiheshimu. Hakuna Mtanzania ambaye hajapata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini kumbuka mteja naye anakuogopa wewe. Hajakuona, hajui kama duka lipo. Anayemtoa mwenzake hofu ndiye anayeuza, kwa hiyo litazame upande wake kwanza. Piga video fupi ya duka kuanzia barabarani, kibao cha jina kionekane, majirani wanapita. Chukua lipa namba yenye jina la biashara, kwa sababu mteja akiingiza namba hiyo, jina linatokea kabla hajaweka namba ya siri, na akiona ni jina lile lile la kwenye kibao, moyo unatulia. Namba ya mtu binafsi yenye jina la mwanamume asiyemjua, hata kama ni shemeji yako, itamfanya aghairi. Ukitumia lipa namba unaondoa pia ule mvutano wa "tuma na ya kutolea", ambao kwa doti ya 15,000 ni kero kwa kila mtu.

Kwa wateja wa ndani ya Tanga, kuanzia Raskazone hadi Pongwe, walipie wakipokea. Wa mikoani walipe kabla. Mteja wa kwanza kabisa akisita, mwambie atoe arabuni nusu, na nusu alipe ukimtumia picha ya risiti ya basi. Upande wako sheria ni fupi: usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji ya malipo, maana meseji inatungwa. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtu akikupigia kusema amekosea kutuma hela umrudishie, mwambie awasiliane na mtandao wake wa simu, wewe usirudishe kwa mkono wako. Meseji za kitapeli zikikufikia zitume kwenda 15040, ndiyo namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokelea taarifa hizo.

Kumbuka tulikotoka. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia kwetu 2008. Kabla ya hapo muuzaji wa Tanga na mnunuzi wa Sumbawanga walipitishiana noti kwenye bahasha kwa kondakta, na bahasha ikifika nusu hakuna wa kuulizwa. Barabara ya fedha sasa ipo, unaitumia kila siku kulipia umeme. Ni wewe tu hujaiunganisha na rafu zako.

Kuna watakaokuambia Watanzania hawanunui mtandaoni, na watakutajia Jumia, kampuni kubwa ya kuuza bidhaa mtandaoni, ambayo iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 na Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Ni kweli ilifunga. Lakini mwezi ule ule nilikuwa Kariakoo naona vijana wakifunga maboksi ya wateja wa Instagram na WhatsApp hadi usiku. Watu walikuwa wananunua, ila walinunua kwa mtu wanayeweza kumpigia simu wakamuuliza "kitambaa kizito au chepesi?" Wewe unaweza kujibu swali hilo kwa kukishika. Kampuni kubwa haikuweza.

Sasa lile swali lako gumu: ukitoa matangazo unabaki na nini? Kwenye doti moja ya faida ya 3,000, hubaki na kitu, na nakusifu kwa kuliona. Wengi wanaanguka hapa. Wanaandika "delivery bure", bodaboda inakula 2,000, bando na mfuko vinakula iliyobaki, mwisho wa mwezi wameuza sana na hela haionekani. Kwa hiyo nauli ya mzigo alipe mteja, iandikwe wazi mbali na bei. Halafu usiuze doti moja moja mikoani. Uza mafungu: doti tatu za majina tofauti, au kanga na dera la kufanana nayo, au kitenge yadi sita na mshono wako, kama una fundi. Doti tatu zina faida ya 9,000 na zinasafiri kwenye mfuko mmoja kwa nauli moja. Ukipunguza bei kidogo kwenye fungu bado unabaki na kitu. Kwa mzigo uliolala usihesabu faida hata kidogo, hesabu mtaji. Doti iliyokaa miezi minane, ukiiuza hata 12,500, umepata 12,000 ya kununulia kitu kinachotembea.

Matangazo ya kulipia yaache miezi miwili ya kwanza. Yanakuza kile kilichopo. Picha zikiwa mbaya na majibu yakichelewa, utakuwa umelipa ili watu wengi zaidi waone hivyo. Wafuasi wa kununua usiwaguse kabisa. Hawavai kanga.

Ile 600,000 mimi ningeigawa hivi. Bando, 20,000 kwa mwezi, miezi mitatu ni 60,000. Stendi ya simu, kamba, vibanio na ubao wa kutundikia, 35,000. Mifuko na bahasha za kaki zenye mhuri wa duka lako, 45,000, na kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, usije ukamtumia mteja mzigo kwenye rambo. Laki moja itenge usiiguse: hiyo ni ya kurudishia hela mzigo ukipotea au dera lisipotosha, maana neno "nitakurudishia" lazima liwe na hela nyuma yake. Elfu 60 ni ya matangazo ya mwezi wa tatu, ukishajua picha gani inauza. Laki tatu inayobaki mpe mume wako jibu lake: huo ni mzigo mpya, ununuliwe kwa oda kama nilivyoeleza. Nusu ya alichokitaka amekipata, na kwa njia isiyolaza mtaji.

Usafirishaji ukiwa Tanga ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Mzigo wa Dar unaupeleka stendi ya Kange kabla basi halijaondoka, juu ya mfuko umeandika kwa makapeni jina la mpokeaji, namba yake, na namba yako. Unapiga picha ya risiti na namba ya gari, unamtumia mteja hapo hapo na saa ya kuondoka. Ile picha ndiyo inayomfanya anunue mara ya pili. Mimi niliwahi kupoteza mzigo wa mabegi manne kwa sababu sikudai risiti, nilimwamini mtu wa ofisi ya mabasi kwa kuwa tulizoeana. Nilimlipa mteja fedha yake yote. Iliniuma, lakini mteja yule aliniletea wengine.

Mengine nitayapitia haraka. Mauzo ya simu ni mauzo, yaingize kwenye daftari na hesabu zako za TRA kama ya dukani, maana kila kilichopita kwenye lipa namba kina kumbukumbu. Kumbukumbu hizo zitakufaa. Siku wewe na wenzako kwenye kikundi mkienda kuomba ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo katika asilimia 10 ya mapato ya ndani wanawake wametengewa 4, utakuwa na cha kuonyesha. Usiposti maongezi ya mteja yenye namba au sura yake ili kujisifia bila ruhusa yake, kwa sababu sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na hata isingekuwepo, ni utu. Na lile daftari la karatasi usilidharau. Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Instagram na Facebook vilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi, na Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilipokatika intaneti ilisumbua Afrika Mashariki siku kadhaa. Mwenye namba kwenye karatasi alipiga simu za kawaida, biashara ikaendelea.

Nikuonye jambo moja. Mwezi wa kwanza utaulizwa sana na kuuza kidogo. Ni kawaida. Wanakupima kama unajibu. Jiwekee saa, kwa mfano asubuhi kabla ya kufungua, saa saba mchana, na baada ya isha, na waambie wateja saa hizo. Ukishindwa kabisa, binti yako aliyekushauri mpe kazi ya kujibu na mlipe kidogo kwa kila fungu linalouzika. Yeye anajua simu, wewe unajua kitambaa. Ila namba ya duka iwe kwenye laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, hata atakapoolewa akahama.

Kuhusu simu: kioo kilichopasuka si tatizo ilimradi mpasuko haujafika kwenye jicho la kamera. Kabla ya kila picha lifute hilo jicho kwa ncha ya kanga kavu, maana mafuta ya mkono ndiyo yanayoleta ule ukungu. Jumamosi asubuhi toa doti nane kati ya zile zilizolala, uanze na hizo.